Mpinzani Mwenye Pupa: Lugha na Mbinu za Karata ya Watu Wawili

Mfasiri anayekutana na maelezo ya kigeni kuhusu mchezaji wa karata anayeshambulia kupita kiasi huvutwa upesi na neno *mkali*. Huandika: "Mchezaji mkali ni rahisi kushindwa, mradi umsubiri." Msomaji wa Kiswahili akifika hapo husita, kwa kuwa katika matumizi ya leo *mkali wa karata* ni bingwa, mtu ambaye wenzake humwogopa kwa ujuzi wake. Sentensi iliyokusudiwa kumkosoa mchezaji imemvika taji, na ushauri uliofuata umepoteza maana.

Kosa hili halitokani na uhaba wa maneno. Kiswahili kimecheza karata kwa karne kadhaa na kina msamiati wake wa mezani. Makala haya yanaeleza msamiati huo pamoja na mchezo wenyewe, kwa sababu maana ya neno *pupa* hueleweka vizuri zaidi pale inapoonekana pupa inamgharimu mchezaji kitu gani.

Maneno yaliyopanda mlima

Chukulia watu wawili waliokaa barazani mjini Lushoto, jioni ya mwezi Julai, ukungu ukiteremka kutoka upande wa Magamba. Mmoja anachanga karata, mwenzake anazikata, kisha zinagawiwa. Katika dakika chache watataja *kopa*, *uru*, *shupaza*, *pau* na *turufu*. Maneno haya yote, pamoja na neno *karata* lenyewe, asili yake ni Kireno: *copas*, *ouros*, *espadas*, *paus*, *trunfo* na *carta*. Wareno hawakuitawala milima ya Usambara, na enzi yao katika pwani hii ilivunjika Ngome ya Yesu ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Hata hivyo maneno yao ya mchezo yalibaki pwani, yakavaa irabu za Kiswahili, kisha yakapanda bara. Leo yanatamkwa na wasemaji wa Kishambaa juu ya mlima kama maneno ya kawaida kabisa.

Mchezo unaofaa zaidi kwa maelezo haya ni *wahedi wa sitini*. Jina lake ni Kiarabu na maana yake ni sitini na moja, likiwa limefuata utaratibu wa Kiarabu wa kutanguliza mamoja kabla ya makumi. Basi karata zenye majina ya Kireno huhesabiwa kwa jina la Kiarabu, ndani ya sentensi ya Kibantu.

Thamani ya karata

Nane, tisa na kumi huondolewa, zikabaki karata 40. Katika kila aina, karata zenye pointi ni tano:

- *ree*: pointi 11
- *seti*, yaani saba: pointi 10
- *mzungu wa nne*, yaani mfalme: pointi 4
- *mzungu wa tatu*, yaani ghulamu: pointi 3
- *mzungu wa pili*, yaani bibi: pointi 2

Zilizobaki, kuanzia mbili hadi sita, hazina pointi. Kila moja huitwa *garasa*, au *galasa* kwa matamshi ya wengi. Jumla ya kila aina ni pointi 30, na jumla ya karata zote ni 120. Nusu yake ni 60, hivyo anayefikisha 61 ameshinda. Hiyo ndiyo siri ya jina la mchezo.

Hapa pana mtego kwa anayetumia kamusi. Mtu aliyezoea michezo ya Kiingereza huona *mzungu wa pili* na *mzungu wa tatu*, akadhani namba hizo zinaonyesha daraja, na kwamba wa pili ndiye aliye karibu zaidi na kilele. Sivyo. Namba hutaja pointi. Kwa hesabu hii ghulamu humla bibi, na seti humla mfalme, kama ilivyo katika michezo ya Kireno ya jamii hiyohiyo. Mfasiri asiyelijua hilo ataeleza mchezo usiochezeka. Vijana wengi sasa husema *kingi*, *kwini* na *jeki*, lakini majina ya zamani yana faida ya kubeba hesabu ndani yake.

Kanuni ndogondogo hutofautiana, na wachezaji hukubaliana kabla ya kugawa. Mifano ya makala haya inafuata namna hii: kila mmoja hushika karata tatu, karata moja hufunuliwa ili kutaja aina itakayokuwa turufu, na huwekwa chini ya fungu ili iokotwe mwisho, mchezaji halazimiki kufuata aina iliyotupwa, turufu yoyote hula karata ya aina nyingine yoyote, na aliyekula huokota kwanza kutoka kwenye fungu, mwenzake akafuata, kisha aliyekula hutangulia kutupa tena. Watu wawili wakicheza hivyo, karata 40 huisha katika mizunguko 20.

Mkali, mchokozi au mwenye pupa?

Maneno yanayogombania nafasi moja katika tafsiri ni mengi, na kila moja lina mpaka wake.

*Mkali*, kama ilivyoelezwa, husifu. Hufaa kwa mchezaji hodari, hata kama ni mpole.

*Mchokozi* na *mshari* hueleza tabia ya mtu kwa watu, wala hayaelezi namna anavyotumia karata. Mtu anaweza kumchokoza mwenzake kwa maneno usiku kucha huku akicheza kwa hadhari kubwa.

*Mshambuliaji* ni neno lisilosifu wala kulaumu. Limezoeleka katika kandanda, na linafaa kwa mtindo wa kutangulia kutishia. Kuna washambuliaji wenye hesabu na wasio na hesabu.

*Mwenye papara* ni anayetenda kabla ya kufikiri. Kosa lake ni la wakati: ametupa karata kabla hajaitazama ile iliyo mezani.

*Mwenye pupa* ni anayetaka kila kitu. Kosa lake ni la tamaa: hawezi kuona karata mezani akaiacha. Anaweza kufikiri kwa muda mrefu, na bado akala kisichofaa kuliwa.

*Mwenye jazba* au *mwenye harara* ni yule ambaye hisia zimempanda, mara nyingi baada ya kupoteza. Huyu huenda si mwenye pupa kwa kawaida yake, bali amegeuka kwa muda.

Mpinzani anayeshambulia kupita kiasi, basi, kwa Kiswahili huitwa *mwenye pupa* pale kosa lake linapokuwa kutaka kula kila mzunguko, na *mshambuliaji wa kupindukia* pale mwandishi anapotaka kueleza mtindo bila kumlaumu mtu. Tofauti hii ina uzito hata mezani, kwa sababu kila kosa lina dawa yake. Mwenye papara huharibikiwa akipewa jambo la kufikiri kwa haraka. Mwenye harara hutulia akishinda mzunguko mmoja, na wakati mwingine ni afadhali asitulizwe. Mwenye pupa hudhurika anapolishwa.

Kumlisha mwenye pupa

Msingi wa mbinu umo ndani ya hesabu iliyotajwa. Katika karata 40, magarasa ni 20, yaani nusu kamili. Mizunguko mingi kwa hiyo huwa na pointi chache au haina kabisa. Upande wa pili, ree ikila seti hupatikana pointi 21 kwa mara moja. Mizunguko mitatu ya namna hiyo huleta 63. Mchezaji anaweza kupoteza mizunguko 17 kati ya 20 na bado akaondoka mshindi. Mwenye pupa huhesabu mizunguko, na mwenye subira huhesabu pointi.

Hatua ya kwanza ni kumtolea magarasa. Tuseme turufu ni kopa. Mwenye subira anatupa nne ya uru, garasa lisilo na thamani. Mwenye pupa ana ree ya kopa, mzungu wa tatu wa kopa na garasa la pau. Angeweza kutupa garasa lake na kupoteza mzunguko usio na kitu. Badala yake anakula kwa mzungu wa tatu wa kopa. Amepata pointi tatu ambazo zilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo, na turufu moja imemtoka.

Hatua ya pili huonekana mara moja. Aliyekula ndiye anayetangulia. Katika mchezo wa watu wawili, anayetupa wa pili huwa ameiona karata ya mwenzake kabla ya kuamua, na hiyo ni faida kubwa. Mwenye pupa, kwa kula kila kitu, huinunua nafasi ya kutangulia kwa turufu zake, kisha humwachia mwenzake nafasi iliyo bora. Katika mfano wetu ameokota seti ya shupaza, na kwa kuwa mzunguko uliopita umempa moyo, anaitupa. Mwenye subira anaila kwa mbili ya kopa, turufu ndogo kuliko zote. Pointi kumi zimevuka meza. Mizunguko ni mmoja kwa mmoja, lakini pointi ni kumi kwa tatu.

Hatua ya tatu ni kuhesabu turufu. Kila aina ina karata kumi, na moja ya turufu inaonekana tangu mwanzo kwa kuwa imefunuliwa. Anayekumbuka turufu zilizokwisha kupita anajua ni lini ree na seti zake za aina nyingine zimekuwa salama. Kabla ya hapo huzishika. Mwenye pupa hurahisisha hesabu hii, kwa kuwa turufu zake hutoka mapema na hadharani.

Hatua ya nne ni mwisho wa mchezo. Fungu likiisha, zimebaki karata sita, tatu kwa kila mmoja. Mwenye subira aliyekumbuka karata 34 zilizopita hucheza mizunguko mitatu ya mwisho akizijua karata za mpinzani wake kama vile zimelazwa mezani. Hapo ndipo turufu moja iliyohifadhiwa huwa na thamani kuliko tatu zilizotumika mwanzoni.

Mipaka ya subira

Ushauri huu huharibika unapogeuzwa kuwa woga. Mwenye subira naye ana makosa yake matatu.

La kwanza ni kuacha pointi halisi. Mpinzani akitupa seti au ree isiyo ya turufu, na turufu ndogo ipo mkononi, kuila ni wajibu. Kusubiri hapo ni uzembe, na Kiswahili hutenganisha *subira* na *uzembe* kwa makini: subira ina kitu inachokingojea.

La pili ni kulipiza. Baada ya kupoteza mizunguko mitano mfululizo, hata mtu mtulivu hutamani kuonyesha kwamba naye anaweza kula. Akianza kushindana na mwenye pupa kwa pupa, mchezo unabaki kuwa wa bahati, na faida yote aliyoijenga kwa kuhesabu hutoweka.

La tatu ni kumhukumu mpinzani mapema. Aliyekula mara nne za kwanza huenda si mwenye pupa. Huenda amegawiwa turufu nyingi. Alama ya pupa si wingi wa kula, bali ubovu wa kilicholiwa. Anayetumia mzungu wa turufu kula magarasa, na akarudia, ndiye anayestahili jina hilo.

Methali za Kiswahili zimelisema jambo hili kwa pande zake zote. *Mtaka yote hukosa yote* humwelekea mwenye pupa. *Simba mwenda pole ndiye mla nyama* humwelekea mpinzani wake, na ina ladha ya pekee katika Usambara, ambako mtawala wa ukoo wa Wakilindi aliitwa Simba Mwene. Izingatiwe kwamba simba wa methali hii hatimaye anakula. Upole wake ni njia ya kufikia windo.

Kutoka wahedi wa sitini hadi poka

Mfasiri wa leo ana uwezekano mkubwa wa kukutana na *poka* kuliko wahedi wa sitini, na lazima ajue mahali michezo hii inapoachana. Katika poka silaha kubwa haipo kwenye karata tu, bali katika *dau*. Mchezaji *huweka dau*, mwenzake *hulifuata*, *hulipandisha* au *hujitoa*. Kwa hiyo inawezekana kushinda kwa *hadaa*: kuweka dau kubwa juu ya karata dhaifu ili mwenzake aogope na kujitoa. Katika wahedi wa sitini garasa hubaki garasa hata likitupwa kwa kishindo.

Poka ya watu wawili ina ugumu wake. Katika aina zake zinazochezwa zaidi, kila mgawo huwa na dau la lazima, kwa hiyo anayekaa akingojea karata bora peke yake huliwa polepole mpaka akaisha. Subira ya poka si kujitoa mara kwa mara; ni kukubali kufuata madau ya mwenye pupa kwa karata za wastani, ambazo mbele ya mpinzani mtulivu zingeachwa. Hesabu yake ni rahisi. Mezani pana shilingi 100, na mpinzani anaweka dau la 100. Anayelifuata hutoa 100 ili kugombea jumla ya 300. Akishinda mara moja katika kila tatu, hajapata wala hajapoteza. Mpinzani anayehadaa mara nyingi humpa zaidi ya hiyo moja. Kinyume chake, kumhadaa mpinzani wa namna hiyo hakuna maana, maana mtu asiyejitoa haogopeshwi.

Ndiyo kusema kanuni ni ileile kwa sura mbili: mwenye pupa aachwe atangulie, atumie silaha zake, na asikimbiwe pale hesabu inaposema asimame mtu.

Tofauti nyingine ni ya kijamii na kisheria. *Kamari* ni mchezo wa kuwekeana fedha au mali, na nchini Tanzania michezo ya namna hiyo inaongozwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Wahedi wa sitini unaochezwa barazani bila dau ni karata, wala si kamari. Mfasiri asiyatumie maneno haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumtuhumu mtu kwa jambo ambalo hakulitenda.

Karata nje ya meza

Msamiati huu umeingia katika lugha ya kila siku. Magazeti ya michezo husema klabu *imelamba dume* inapompata mchezaji bora, na *imelamba galasa* inapomsajili asiyefaa. Wachambuzi wa siasa husema mgombea *amechanga karata zake vizuri*, maana yake amepanga mambo kwa akili, au *ametupa karata yake ya mwisho*. Katika habari za kimataifa, *kura ya turufu* ni ile haki ya wajumbe watano wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuzuia azimio.

Mwandishi anayekumbuka asili ya maneno haya huyatumia kwa usahihi zaidi. Kuchanga karata, kwa mfano, ni kitendo cha kabla ya mchezo, kwa hiyo hufaa kwa maandalizi kuliko kwa tendo la mwisho. Turufu nayo hutumika mara moja tu. Kusema kwamba mtu "ametumia turufu yake kila siku" ni kuivunja sitiari, isipokuwa mwandishi amekusudia kuonyesha kwamba mtu huyo hajui anachokifanya.

Kwa mfasiri na mwalimu

Mifano ifuatayo inajumlisha yaliyotangulia.

- Si sahihi: *Mchezaji mkali hushindwa kwa kuwa anakula ovyo.* Sahihi: *Mchezaji mwenye pupa hushindwa kwa kuwa anakula ovyo.*
- Si sahihi: *Mzungu wa pili humla mzungu wa tatu.* Sahihi: *Mzungu wa tatu humla mzungu wa pili.*
- Si sahihi: *Alicheza kamari ya wahedi wa sitini bila dau.* Sahihi: *Alicheza wahedi wa sitini bila dau.*
- Yenye utata: *Ni mshambuliaji.* Wazi zaidi: *Ni mshambuliaji mwenye hesabu*, au *ni mshambuliaji wa kupindukia.*

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi karata 40 na kuwataka wawili wawili waeleze kila mzunguko kwa maneno: nani ametangulia, ametupa nini, nani amekula, kwa turufu au bila turufu, na kwa pointi ngapi. Zoezi hilo hufundisha vitenzi vya kutendwa na kutendeka, upatanisho wa ngeli na hesabu kwa pamoja: *garasa limeliwa*, *magarasa yameliwa*, *turufu zimemwishia*. Mwishoni waulizwe swali moja: aliyekula mizunguko mingi zaidi, ndiye aliyefikisha sitini na moja? Pale jibu linapokuwa hapana, watakuwa wamepata maana ya neno *pupa* kutoka mezani kwao wenyewe.